Golkipa Anasema Nini

Wewe uliyefungua hapa, nakuomba kwa Mola wako, funika. Kama umeshasoma mstari mmoja, ufe nao. Usimwambie mkeo, usimwambie rafiki. Mimi karani tu, mama yangu mjane, na nyumba tunayolala si yetu.

Jumamosi, 10 Oktoba 1998

Nimefungua ofisi ya klabu. Nimepiga chapa majina ya wachezaji. Jezi bado ziko kwa dobi. Maalim Sleyman kaja asubuhi, kakaa juu ya meza yangu kama kawaida yake, miguu inaning'inia. Ndiye kocha wetu. Timu ya daraja la pili, uwanja wa vumbi nyuma ya maduka ya magari, mtaa wa Wattaya. Zamani alikuwa golkipa wa klabu kubwa. Vidole vyake vya mkono wa kulia havinyooki.

Kura ya kombe imetoka. Tumepangwa na klabu hiyo hiyo kubwa. Nilipomwambia alivitazama vidole vyake. Kisha akacheka peke yake. Sikukipenda kicheko hicho.

Jumatatu, 12 Oktoba

Kisa nimekipata kwa Mama, maana Maalim mwenyewe hakisimulii.

Fainali moja alidaka na kidole kimevunjika, kwa sababu hapakuwa na golkipa mwengine. Wakafungwa. Nahodha alikuwa Hamed. Hamed akasimama katika chumba cha kubadilishia nguo akasema Sleyman kauza mechi. Hakuleta ushahidi, wala hakuna aliyemuuliza. Golkipa akatolewa. Tangu hapo anafundisha timu ndogo ndogo. Kwanza watoto wa mtaani, kisha vijana wa gereji, kisha klabu za daraja la pili, hii baada ya ile. Kila akikaribia kupanda daraja, mtu humnong'oneza mwenyekiti: huyu si yule aliyeuza? Anafukuzwa. Anaanza upya kwengine. Maisha yote hayo kwa neno moja la mtu mmoja.

Hamed leo ndiye meneja wa klabu kubwa. Ndiye pia mwenye nyumba yetu ya Wadi Kabir.

Namchukia. Nimeandika sasa.

Jumatano, 14 Oktoba

Hamed kaniita ofisini kwake. Kanipa kahawa kwa mkono wake. Hapo nikajua kuna shari.

Hapa ni nchi ya Waarabu, lakini wachezaji wetu karibu wote majumbani mwao wanasema Kiswahili, na uwanjani ndicho wanachoitana. Golkipa wetu, Mundhir, hanyamazi toka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Anawapanga mabeki kwa sauti kama mpiga mnada. Wapinzani hawaambulii neno. Hamed alikuwa na wachezaji wanaojua lugha yetu, akawaondoa mmoja mmoja. Akiwaita Wazinjibari, yaani watu wa kuja, kwa mdomo uliopinda. Sasa hana hata mmoja wa kumwambia golkipa anasema nini.

Anataka nikae nyuma ya benchi lake nimtafsirie.

"Mama yako hajambo?" akauliza kwa Kiarabu. "Nyumba inamfaa? Majirani wanasema anakaanga papa mpaka ngazi zinanuka. Mimi nawanyamazisha."

Nikasema naam. Nikajimwagia kahawa kwenye kanzu. Alicheka. Kicheko hicho nitamlipa. Sijui vipi. Mimi mtu mwoga.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimemwambia Maalim kila kitu. Nilidhani atanizaba kofi.

"Nenda kamtafsirie, mwanangu. Neno kwa neno. Usimdanganye hata kidogo."

"Lakini Maalim..."

"Mimi mtu huyu nnamngoja tangu wewe hujazaliwa. Usinipandishie moto chungu changu."

Jumatatu, 19 Oktoba

Maalim kanikataza kukanyaga mazoezini. Wachezaji wakinipita wananyamaza. Mmoja kaniuliza kama Hamed ananilisha vizuri. Kisha wakacheka wote. Pengine Maalim ananiona msaliti. Haki yake.

Alhamisi, 22 Oktoba

Leo mechi yenyewe. Nimekaa nyuma ya benchi lao, kofia nimeivuta hadi kwenye nyusi. Upande wa pili mwenyekiti wetu ananitazama. Jasho.

Mundhir kaanza. Nikatafsiri. Anasema mabeki wote waende kulia kwake. Hamed akapiga kelele, vijana wake wakapeleka mpira kushoto. Mabeki wetu watatu walikuwa wanaungoja huko huko. Mara ya pili vile vile; Hamed akawatukana vijana wake kuwa wanachelewa. Mara ya tatu nikaacha kumtazama Mundhir, nikamtazama Maalim. Kasimama pembeni na taulo. Taulo bega hili, mabeki wanakwenda upande huu. Taulo bega lile, wanakwenda ule. Mundhir anapiga makelele matupu, na mimi nayatafsiri kwa uaminifu. Nilitaka kucheka. Nikauma ulimi.

Tukafunga moja kipindi cha pili.

Karibu na mwisho Mundhir kagongwa kichwani. Akainuka anayumba. Mpira uko kwao. Akapiga ukelele, sauti imempasuka, akataja majina ya mabeki: kulia hakuna mtu, rudini kulia. Taulo lilikuwa bega la kushoto. Nikajua hapo hapo kwamba kwa kugongwa kule kausahau uwongo wetu. Hii ilikuwa kweli. Kulia palikuwa peupe kabisa.

"Anasema nini?"

Nilimkumbuka Mama na papa wake.

"Anasema kushoto pako wazi," nikasema.

Wakaenda kushoto, mabeki wetu wakawapokonya mpira. Filimbi ya mwisho.

Maalim akavuka uwanja, akamshika Hamed mkono kwa vidole vile, asimwachie. Watu wamejaa.

"Ile fainali nilimuuzia nani?"

"Mambo ya zamani, Sleyman."

"Ya zamani. Nani?"

Hamed akauvuta mkono. Haukutoka. Wachezaji wake wanatazama, mwenyekiti wetu anatazama.

"Sijui," akasema.

"Wasikie."

"Sijui. Hakuna."

Ndipo akamwachia.

Jumamosi, 24 Oktoba

Hamed kaja nyumbani mwenyewe. Hakuingia. Tuhame kabla ya mwezi kwisha. Kanitazama muda mrefu. Alijua kuwa nilimdanganya.

Nilidhani Mama atalia. Kasema choo chenyewe hakipitishi maji, na alikuwa anaona haya kumwambia mwenye nyumba. Kisha kaniuliza nimemfanya nini Hamed. Nikamweleza. Akaenda kukaanga papa. Wengi. Milango yote wazi.

Sijuti. Nnaogopa, lakini sijuti. Ningeulizwa tena ningesema vile vile.

Mwenyekiti kampa Maalim msimu mwengine. Hakuna aliyemnong'oneza.

Jumapili, 1 Novemba

Tumehamia. Maalim alikuwa na vyumba viwili juu, vimekaa bure tangu wanawe waondoke. Amebeba godoro mwenyewe, hataki kusaidiwa. Mama kashafua mapazia. Chini Maalim anasikiliza redio. Huku kuna upepo.

Anayenitaka asiende Wadi Kabir tena. Ashuke Wattaya, apite nyuma ya maduka ya magari, aulize kwa kocha wa timu ya daraja la pili. Kila mtu atamwonesha. Asipige hodi mlango wa chini, Maalim hulala baada ya alasiri. Apande ngazi za nje. Sisi ndio wa juu.