Aliyefungua Koki

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua mapema, maziwa nimepeleka barabarani Kiabakari. Mvua ya jana ilikuwa kubwa. Palizi imesogea mpaka kesho.

Saa nane ng'ombe wakashuka kijitoni kunywa. Kabla sijamaliza kufua, mmoja kaanguka. Wa pili. Wa tatu. Povu mdomoni, miguu inatetemeka. Haikufika nusu saa, wote watatu wamekufa.

Juu ya kijito kuna mtambo wa kuchenjua dhahabu, na bwawa lao la maji ya sumu. Mdogo wangu Wambura ni mlinzi pale, mwaka wa pili.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa, nimerudi, nimekuta mbwa wa jirani wamekufa. Walifukua mizoga.

Mwenyekiti wa kijiji kaja na meneja wa mtambo, wamepanda gari moja. Kasema ni ndigana, homa ya kupe, ng'ombe wanakufaga kila mwaka. Ndigana haiui mbwa. Nimemwambia hivyo. Kanitazama kama nimemtukana.

Jioni nikaenda kwa Wambura. Nikamuuliza Jumapili ya ile mvua aliona nini kule bwawani.

"Dada, usinitafutie balaa. Nina watoto."

"Na wangu wanakunywa maji gani?"

Kafunga mlango. Mimi ndiye niliyemlea tangu mama afe, na kanifungia mlango.

Ijumaa, 7 Machi

Mimi ni katibu wa kamati ya maji. Kazi yangu yote ilikuwaga kupanga zamu za kisima. Leo nimejaza chupa mbili kijitoni, nimekwenda nazo Musoma, ofisi ya kupima maji. Afisa ni kijana mpole. Kaandika jina langu, kaandika la kijiji, kalamu ikasita. Kasema nisubiri wiki.

Sijafika hata stendi, mwenyekiti kanipigia. Anajua nilipo. Anajua chupa ni mbili. Aliyeniona nikichota ni mke wa Wambura peke yake.

Kisima hakitoshi watu wote. Wengine bado wanachota kijitoni, nawaona. Nikisema wananiambia sina mamlaka.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa polisi. Nimekaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka saa tisa, hakuna aliyeniuliza kitu. Halafu wakaleta karatasi ya maelezo yangu, tayari imeandikwa. Inasema niliweka sumu mwenyewe ili nimlazimishe mwekezaji anilipe.

Nikaisoma mara mbili. Nikawaambia sisaini.

"Mama, saini uende nyumbani," askari kasema. Sauti yake nzuri tu. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Sikusaini. Wameniachia. Nimeambiwa uchochezi una kifungo.

Namchukia mwenyekiti. Namchukia yule meneja. Wambura namchukia zaidi, maana wale sikuwabeba mgongoni.

Ijumaa, 14 Machi

Afisa wa maji kanipigia. Nikafuate majibu leo leo. Nimekwenda. Ni sianidi, ile dawa wanayochenjulia dhahabu. Karatasi ina mhuri. Kanikabidhi huku akiangalia dirishani.

"Nimeshaandika kwa wakubwa. Toa kopi nyingi, mama."

Nimetoa. Moja iko kwa padri, moja kwa mwalimu mkuu. Nyingine sitaandika ilipo.

Jumanne, 18 Machi

Mkutano wa kijiji. Mtambo umeleta soda. Watu wamekunywa.

Nimesoma karatasi. Mwenyekiti kanikatiza: imeghushiwa, mwanamke huyu katumwa. Wapo waliopiga makofi. Wana vijana wao wanafanya kazi pale, nawajua mmoja mmoja. Mwingine kanitemea mate karibu na mguu.

Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Wambura akasimama, ana sare ya ulinzi.

Kasema Jumapili ile bwawa lilijaa, ukuta ukaanza kumeguka. Meneja akamwamuru afungue koki ya bomba linaloelekea kijitoni. Akakataa. Akaambiwa kazi basi. Akafungua.

"Nilifungua kwa mkono huu. Ng'ombe wa dada nimewaua mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kavua shati la sare, kaliweka mezani kwa mwenyekiti, kaondoka na fulana. Sikumfuata.

Ijumaa, 21 Machi

Wamekuja wakaguzi wa mkoa. Lango la mtambo limefungwa, limepigwa lakiri ya serikali. Mwenyekiti kawatembeza yeye mwenyewe, anawaonyesha kijito, anasema kijiji kililalamika toka mwanzo.

Wambura wamemkamata. Kakiri mbele ya watu, kwa hiyo mwenye kosa ni yeye. Meneja kaondoka jana na gari lake. Hakuna aliyemzuia.

Nimekasirika mpaka kichwa kinauma. Haki imekuja kijijini kwetu na pingu moja, ikamfunga aliyesema.

Jumapili, 23 Machi

Misa ya kwanza. Halafu nimempelekea Wambura chakula. Askari kafunua bakuli, kachungulia, kaniruhusu.

Ugali na sato. Kala polepole. Kakonda. Kauliza watoto wanachota wapi. Nimemwambia shuleni, mwalimu kafungua tangi.

Baadaye, bila kuulizwa, kasema siku ile walikuwa watatu bwawani. Kataja wawili waliosikia amri ya meneja. Mmoja yuko Bunda, kule Kabasa, anauza matofali. Nimeandika jina. Kesho nitaenda kumtafuta, aje aseme alichosikia.

Sikumwambia nimemsamehe. Sijui kama nimemsamehe. Nimemmenyea chungwa, kapokea.