Inzi wa Raheli

Vudee, Same
4 Machi 2023

Mwanangu Agape,

Habari za Morogoro? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti. Tulipomzika Raheli hukula kitu. Wifi yangu Blandina bado anauliza kama chakula chetu kilikushinda.

Ile chupa ya inzi wadogo wa matunda, aliyokuja nayo Raheli alipougua, kutoka maabara mliyofanya kazi pamoja, ninayo. Kila wiki mbili nawapikia uji wa mahindi wenye sukari na hamira, nawahamishia chupa safi, kama alivyonionyesha. Blandina anacheka: "Wenzio wanafuga kuku, wewe inzi!" Niwafanyeje?

Mama yako,
Mama Raheli

Morogoro
19 Machi 2023

Shikamoo mama,

Kifua kimepona. Pole na magoti. Chakula kilikuwa kizuri, majonzi ndiyo yaliyonishinda.

Mama, usiwamwage! Wa hapa walikufa wote kwa ukungu. Macho ya hao ni meupe kwa sababu kipande cha urithi kimejipachika ndani ya jeni ya rangi. Kipande hicho hakitulii. Kikichomoka, anazaliwa inzi mwenye macho mekundu, au doa jekundu kwenye jicho jeupe. Raheli alikuwa akiwahesabu hao. Umewaona? Naomba uwatume kwa basi la kutoka Same.

Mwanao,
Agape

Vudee
11 Juni 2023

Mwanangu Agape,

Marahaba. U mzima? Nisamehe kimya changu. Wenye madoa niliwaona kwa lenzi ya Raheli. Nilidhani inzi wa jikoni wamechanganyika nao, nikawatoa mmoja mmoja, kama ninavyochambua mbegu ya maharage. Nimeharibu kazi yake.

Tena sikutaka kuwatuma. Jioni nakaa nao dirishani. Raheli akiwahesabu alikuwa akitoa ulimi kidogo, kama alivyokuwa darasa la kwanza.

Mama yako

Morogoro
20 Juni 2023

Shikamoo mama,

Hujambo na upweke? Hujaharibu. Wenye macho meupe uliowaacha bado wanacho kile kipande. Watazaa wenye madoa tena. Nigawie nusu tu, nusu ubaki nao.

Mwanao,
Agape

Vudee
2 Julai 2023

Mwanangu Agape,

Marahaba. Sijambo kidogo.

Juzi wametoka wawili wenye madoa. Nimewatazama mpaka mwanga ukaisha. Nusu sikuweza: nikibaki nao, mkono utachambua tena, umezoea. Asubuhi nimewakabidhi wote kwa dereva wa basi. Nimerudi, nimefuta meza, nimekaa.

Ukipata nafasi, mwanangu, unikumbuke.

Mama Raheli