Shahidi Wangu Yuko Maskati

Hodi kwako Bi Mwidani, mshauri wetu wa gazetini, naomba unipe sikio. Mimi ni Dama wa Mtopanga, nimefungua kesi ya talaka dhidi ya mume wangu Kadenge kwa sababu ya kipigo, na siku aliyonivunja mkono kwa mchi, aliyekuwepo ni wifi yangu Philister peke yake, dadake Kadenge wa tumbo moja, ndiye aliyejitia katikati akanipeleka hospitali, lakini sasa yuko Maskati kwa kazi za nyumbani na mkataba wake haujaisha, na kesi itasikizwa mwezi ujao. Nilipompigia alilia, akasema, "Wifi, ni ndugu yangu, lakini nilichokiona nitakisema," akanitumia na ujumbe wa sauti akieleza yote. Kadenge anatamba mtaani, "Shahidi wake ataletwa na upepo?" Sasa mdogo wangu Valarie, ambaye siku ile alikuwa Kaloleni harusini, ananiambia, "Dada, nitasimama mimi niseme nilikuwepo, kwani nani atajua?" Nimechoka, na nakaribia kumkubalia.

Dama

Dama mwanangu, pole sana kwa huo mkono. Sasa nisikize. Valarie mwambie ahsante, na akae chini. Nani atajua? Harusi nzima ilimwona akicheza! Akibanwa kwa maswali mawili tu, hakuna atakayekuamini tena hata wewe uliyeumia. Na kudanganya chini ya kiapo ni kosa la jinai; utafute talaka, umpoteze mdogo wako jela?

Ule ujumbe nao usiutegemee peke yake. Kadenge ana haki ya kumuuliza shahidi maswali, na sauti iliyorekodiwa haijibu.

Lakini nani alikwambia lazima Philister apande ndege? Hakimu anaweza kumruhusu atoe ushahidi kwa video akiwa huko huko. Ruhusa hiyo huombwa mapema, si asubuhi ya kesi, kwa hivyo wiki hii hii nenda kwa wakili, na kama huna, tafuta wanaotoa msaada wa kisheria bure, wakuandikie ombi. Beba karatasi za hospitali. Philister amwombe mwajiri wake nafasi na chumba chenye utulivu, pasipoti iwe mkononi kuthibitisha ni yeye, na wewe usimfundishe la kusema hata neno. Hakimu akilikataa ombi la video, omba kesi iahirishwe.

Ila kabla ya hayo yote, mpigie tena. Safari hii usimtaje Kadenge wala mahakama. Muulize yeye anaendeleaje huko ugenini. Anakwenda kusema dhidi ya ndugu yake kwa ajili yako, na sidhani kama kuna aliyemuuliza.