Safu ya Mwisho katika Daftari la Mwalimu Namwinga

Mbangala, Songwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hapo Muheza mmeamka salama na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi ni mzima, ila vumbi la huku limenizoea kupita kiasi, na ladha ya nazi naanza kuisahau.

Mama, uliponipigia simu kusema mdogo wangu Mwanaidi hatarudi shule muhula ujao, kwamba hesabu zimemshinda na utampeleka Tanga kwa shangazi akajifunze kushona, mtandao ulikatika kabla sijajibu. Afadhali ulikatika, maana nilikuwa karibu kukubali. Jibu langu ni hili.

Hapa shuleni yuko Mwalimu Namwinga, mama mwenyeji anayekaribia kustaafu, mfupi, mcheshi, raba zake ni zilezile kila siku. Nilipofika nilimdharau, nikidhani anawadekeza watoto. Siku moja nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu darasa la tano, yeye amekaa nyuma anasahihisha madaftari. Nikamwita ubaoni Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku, atoe nusu kwenye robo tatu. Akashika chaki asiandike kitu. Nikapaza sauti, nikapaza tena. Chaki ikamdondoka. Nikamwambia basi aandike hata jina lake, na jina lenyewe likamshinda. Nikamwita kichwa kizito mbele ya wenzake.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Namwinga alinivuta pembeni. Nilijua nitasemwa. Badala yake akanifungulia daftari lake la maandalio ya masomo. Sote tunajaza kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, tathmini. Yeye amechora safu moja zaidi mwishoni, juu yake ameandika: "Hapa wataogopa."

"Mwalimu wangu, mimi nikipanga somo natafuta kwanza pale pa kuogopesha," akasema. "Pale naweka kitu cha nyumbani kwao. Mtoto akishtuka, ubongo wake unahangaika kujiokoa tu, hesabu utaipitishia wapi? Kabula jina lake analiandika tangu darasa la kwanza. Leo lilikwenda wapi?"

Niliona aibu, Mama.

Kesho yake akaniomba kipindi changu. Akaja na kidumu cha maziwa na vikombe vya kupimia, akaketi kwenye dawati la Kabula.

"Kidumuni kuna robo tatu ya lita. Mteja anataka nusu lita. Utafanyaje?"

"Nampimia," Kabula akajibu palepale. "Inabaki robo. Hiyo hatuuzi, ya mdogo wangu."

Darasa likacheka, naye akacheka. Ndipo Mwalimu akampa chaki, Kabula akaenda kuandika kile alichokwisha kusema. Siku iliyofuata akamrudishia swali lilelile kabla ya jipya. Anasema akili ikilala na jambo, inalishika. Siku hizi Kabula ananyoosha mkono mpaka ananichosha. Namheshimu mama yule kuliko mkufunzi yeyote aliyenifundisha chuoni.

Sasa kumbuka likizo zangu. Nani alikuwa anagonga rula mezani, akiuliza saba mara nane mtoto ana tonge mkononi? Nani alimwita Mwanaidi kichwa kizito mpaka na wewe ukaamini? Ni mimi, mwalimu wa kusomea. Hesabu hazikumshinda, mimi nilimtisha nazo. Nakupigia magoti, Mama, mrudishe shule. Nikija likizo nitakaa naye jikoni mkipima unga wa maandazi, tuanzie hapo. Rula naiacha huku.

Nisalimie Bibi Mwanahawa, umwambie dawa yake ya kuchua nimeipata. Nisalimie mjomba Rajabu, fundi baiskeli wetu. Na shangazi wa Tanga mwambie cherehani isubiri.

Najua macho yako hayaoni maandishi vizuri, kwa hiyo anayekusomea barua hii ni Mwanaidi. Mdogo wangu, nisamehe. Na pole kwa kulitamka lile neno, kichwa kizito, kwa mdomo wako mwenyewe. Chukua kalamu ulikate kila lilipo, kisha msomee Mama tena pale nilipompigia magoti.

Mwanao, na kaka yako,
Hamisi