Viwanda Vitatu vya Ijumaa

Mama watoto,

Sufuria nimeiloweka, usiitupe. Orodha ya viwanda vya mvinyo iko chini ya kikombe. Safari ni Ijumaa, kwa hiyo chagua vitatu wewe na dada yako. ~~Tuanze na kile cha mlimani.~~ Popote sawa.

Asubuhi umenigombeza kwamba maziwa yameungua nami nimesimama pale pale kama nguzo. Sikusikia harufu. Tangu ile homa sisikii harufu ya kitu chochote. Mimi, ninayewachagulia wageni wa hoteli mvinyo kwa pua! Kazini bado hawajui. Nimechoka kudanganya.

Ninyi mtaonja, mimi nitaendesha gari.

Na yale marashi yako mapya ninayoyasifu kila siku, nisamehe. Sijawahi kuyasikia.

Baba watoto