Dumu Lenye Picha ya Samaki

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: hujulikana na wote kama Mama Madumu
Umri: miaka 56
Kazi: kuchambua taka dampo na kuuza madumu
Makazi: nyumba za nyuma ya dampo

Kusoma sijui, kwa hiyo nasema na afande anaandika. Nimemwomba aandike upesi kwa sababu mjukuu wangu yuko wodini, hajitambui.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa 3 asubuhi, lori la kiwanda cha ngozi liliingia dampo. Taka za kiwanda haziruhusiwi pale, bango lipo getini, lakini lori lile huja kila wiki na mlinzi hugeuza shingo. Kati ya taka kulikuwa na dumu moja la bluu, zuri, lina mfuniko wake. Nilimuuliza dereva lilikuwa na nini. Akasema sabuni tu, mama, osha utumie.

Sisi wa madumu tuna utaratibu wetu. Tunasugua kwa mchanga na sabuni mara tatu, kisha tunabandua lebo kwa maji ya moto, maana dumu lenye lebo halina mnunuzi. Lebo tunawashia jiko. Kabla ya kubandua mimi hutazama picha. Lenye fuvu siligusi ng'o. Hili lilikuwa na samaki na mti. Nikajua ni la watu wa samaki, tena nikafurahi, mjinga mimi.

Tarehe 11 jioni nilimpelekea binti yangu, akalijaza maji ya kunywa. Kesho yake saa 1 asubuhi alinijia mbio, mtoto mgongoni. Mtoto ana miaka minne. Namwita mke mwenzangu, naye huniita bi mkubwa. Ndiye aliyeamka wa kwanza akachota. Alikuwa anatapika na midomo imebadilika rangi. Hospitalini daktari aliuliza kanywa nini, nikasema maji. Akauliza, maji ya kwenye nini? Hapo nikamtajia dumu la bluu.

Jana mkaguzi wa mazingira alinionyesha karatasi yenye picha kama ile. Kumbe samaki yule amekufa, na mti umekauka. Mkaguzi alikwenda kiwandani, meneja akaruka kimanga kwamba dumu si lao, na kama ni lao iletwe lebo. Lebo nilichemshia chai. Dumu limepelekwa maabara, majibu ni wiki mbili. Daktari anasema bila kujua ni sumu gani anatibu kwa kubahatisha, na mtoto hana wiki mbili.

Kama kubandua lebo ni kosa, nifungeni, nimekosa. Fidia sitaki. Meneja mtamshtaki mkipata nafasi. Leo nataka atamke jina la kitu kile, basi, daktari alisikie. Afande, mpigie simu.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, sijaongeza wala kuficha.

Dole gumba la shahidi: (limewekwa)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Saa 5:10 asubuhi nimepiga simu kiwandani. Nimejibiwa kuwa meneja atajibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Shahidi yuko kwenye benchi la mapokezi, ananitazama. Bado sijamwambia. Napiga tena.