Plagi ya Jetski Nimeondoka Nayo

Carimo, mdogo wangu,

Wali umo kwenye sufuria, samaki nimemfunika. Mama akishakula, mpe dawa yake.

~~Usiiguse jetski.~~ Iguse, lakini hutaiwasha. Plagi ninayo kwenye pochi. Asubuhi niliifungua nikaikuta nyeupe kama chokaa, dalili kwamba injini inaungua kwa kupata petroli kidogo. Kumbe kwa kutaka kumpita Rafique kwenye mashindano ya Jumapili, umefunga gesi ya kuongeza mbio, ukaacha jigle ileile ndogo ya kupitishia petroli! Gesi ikiingia, petroli nayo lazima izidi, na oili ya kulainisha pistoni yenyewe inasafiri na petroli hiyohiyo. La sivyo pistoni itatoboka ukiwa katikati ya maji, bingwa wangu.

Naenda bandarini kutafuta jigle kubwa. Pistoni nyingine nitaipata hukohuko. Wewe mwingine nitampata wapi?

Dada yako, fundi kabla yako